Apu yako imeshushwa dukani: ukate rufaa, upige kelele, uende kwa wasimamizi wa ushindani au ufungue kesi?

Wiki iliyopita saa nne usiku dogo mmoja wa Moshi kanipigia, sauti imekauka kabisa. Apu yake ya vikoba imeshushwa dukani, yaani kwenye duka la apu, yale ya Apple (App Store) na Google (Play Store). Apu yenyewe ya kawaida tu, akina mama wa Majengo na Pasua wanaandikia humo michango yao ya wiki na nani kakopa nini kwenye mfuko wao wenyewe, yeye hamkopeshi mtu hata shilingi, lakini waliokagua wameona neno mkopo kila ukurasa wakamuweka kundi moja na zile apu za kukopesha. Swali lake la kwanza: "Kaka, hawa nawashtakije?"

Nikamwambia alale, kesho nitamwandikia. Nilivyoanza kuandika nikaona bora niweke wazi na wengine wasome, maana hapa Arusha tuko wengi sasa ivi tunaotengeneza apu, za waongoza watalii, za mashule, za wakulima wa maua, na kila mtu akishushiwa apu kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni mahakama. Mahakama ipo, lakini ni njia moja kati ya nne, na kwa wengi wetu ndiyo ya mwisho kabisa.

Kabla ya kuchagua, ujue unagombana nini. Kuna ugomvi wa aina mbili na watu wanauchanganya kila siku. Wa kwanza ni "wamekosea kuhusu apu yangu", yaani sheria yao ni sawa ila wameitumia vibaya kwangu. Wa pili ni "sheria yao yenyewe inanionea", hapo ndipo inaingia kamisheni ya asilimia 30 wanayokata kwenye mauzo ya ndani ya apu, kulazimishwa kutumia malipo yao, kukatazwa kumwambia mteja kwamba kwenye tovuti yako bei ni ndogo. Rufaa ya ndani, ile unayowaandikia duka lenyewe, inatibu ule wa kwanza tu. Nimeona watu wanaandika rufaa kurasa mbili wanalalamikia asilimia 30, sasa yule anayesoma rufaa hana uwezo wa kubadili asilimia hata angekuonea huruma, anakukatalia na nafasi yako imeenda. Ule wa pili unatibiwa na mahakama, bunge au wasimamizi wa ushindani, na unatibiwa kwa miaka.

Tuanze na kesi kubwa, kwa sababu kila mtu anaitaja ya Epic, wenye mchezo wa Fortnite, bila kuangalia ilivyokwenda. Niweke Epic na Spotify pembeni kwa pembeni, wote walikuwa na malalamiko yanayofanana juu ya Apple, ila mikakati yao ilikuwa mbalimbali kabisa.

Epic walivunja mkataba kwanza. Tarehe 13 Agosti 2020 waliweka njia yao ya malipo ndani ya Fortnite kwa bei pungufu, Apple na Google wakaitoa siku hiyo hiyo, na Epic wakafungua kesi siku hiyo hiyo maana nyaraka zilikuwa zimeandaliwa zamani. Walienda kumuomba Jaji Yvonne Gonzalez Rogers airudishe Fortnite wakati kesi inaendelea. Alikataa, hoja yake kubwa ikiwa kwamba hasara hiyo wamejitakia wenyewe kwa kuvunja mkataba. Ila aliizuia Apple isiguse Unreal Engine, programu ya Epic ya kutengenezea michezo, kwa sababu kuna madevelopa wengine wengi wanaitegemea na wao hawakuvunja kitu. Hiyo sehemu isome mara mbili. Jaji yule yule, kesi ile ile, aliyejitia mwenyewe matatani hakusaidiwa, aliyeumia bila kosa lake akalindwa.

Hukumu ikaja 10 Septemba 2021. Madai kumi, Apple ikashinda tisa. Lile moja lilikuwa la sheria ya California, kwamba Apple haiwezi kumziba developa mdomo asiwaelekeze wateja kwenye malipo ya nje. Na Epic wakaamriwa wailipe Apple asilimia 30 ya pesa walizokusanya kwa ile njia yao. Rufaa ikaisha Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza Januari 2024, Apple ikaruhusu linki za nje lakini ikadai asilimia 27 juu ya mauzo hayo ya nje, wakarudi tena kwa jaji, na 30 Aprili 2025 jaji akasema Apple imeidharau amri yake kwa makusudi. Fortnite ikarudi kwenye App Store ya Marekani Mei 2025. Hesabu mwenyewe, karibu miaka mitano nje. Na Epic waliweza kukaa nje miaka yote hiyo kwa sababu Fortnite ilikuwa inachezwa kwenye kompyuta, PlayStation na Xbox, chungu cha iPhone kilipozimwa vyungu vingine vilikuwa bado vinachemka. Dogo wa Moshi ana chungu kimoja.

Spotify hawakuvunja kitu. Walikuwa wameshaacha kuuza usajili kwa malipo ya ndani ya Apple, Machi 2019 wakapeleka malalamiko Kamisheni ya Ulaya, chombo cha Umoja wa Ulaya kinachosimamia ushindani, na apu yao ikabaki dukani watu wanasikiliza muziki kama kawaida. Tarehe 4 Machi 2024 Kamisheni ikaipiga Apple faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8. Nayo ni miaka mitano, lakini ni miaka mitano ya kuendelea kula. Kasoro yake ni kwamba faini haiendi kwa mlalamikaji. Spotify walipata sheria iliyobadilika, pesa ya faini siyo yao. Kwaiyo ukienda kwa msimamizi wa ushindani nenda kama unataka sheria ibadilike. Kama unataka kulipwa hasara yako, njia hiyo siyo.

Mimi nikiambiwa nichague kati ya hao wawili nachukua ya Spotify bila kufikiria. Lalamika ukiwa ndani. Ukivunja mkataba kwanza unampa mwenzako hoja ya bure, na hoja hiyo itamfuata jaji, itamfuata msoma rufaa, itakufuata kila mahali.

Alafu kuna kitu watu hawakiangalii. Epic huyo huyo aliyeshindwa madai tisa kwa Apple alimshinda Google, tarehe 11 Desemba 2023 San Francisco, na uamuzi ulitolewa na juri, wananchi wa kawaida, wote kwa sauti moja. Wengi wanashangaa maana Android ndiyo inaruhusu kuweka apu kutoka nje ya duka. Sababu ni nyingi ila kubwa ni karatasi. Apple simu ni zake, hakuhitaji kupatana na mtu. Google alikuwa na mikataba na watengeneza simu na madevelopa wakubwa, na mikataba inaacha maandishi, yakaletwa mahakamani. Juu ya hapo ikaonekana wafanyakazi wake walikuwa na chati za ndani zinazojifuta baada ya saa 24 na hawakuzihifadhi wakati kesi ipo, Jaji James Donato akawaruhusu wananchi wale wachukulie kwamba yaliyofutwa yalikuwa mabaya kwa Google.

Ndiyo maana dogo nilimuuliza kwanza, imeili zote umeziweka? Ile ya kwanza ya onyo ipo? Toleo gani la apu lilikaguliwa, lilipakiwa tarehe ngapi, skrinshoti za ukurasa wa malalamiko umepiga kabla hawajakufungia kuingia? Alikuwa na imeili mbili, nyingine amefuta kwa hasira. Usifute kitu hata kama kinakuudhi kukiona.

Sasa turudi huku kwetu, maana hata ungekuwa na pesa ya kesi, unaifungulia wapi? Mikataba ya madevelopa ya Apple na ya Google yote inasema sheria ni ya California na mahakama ni za huko huko California. Mkataba wa Apple unaweka na kikomo cha fidia, dola 50. Hamsini. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani nimeruka sifuri. Mwanasheria mzuri anaweza kupinga kipengele kama hicho, lakini kukipinga tu ni kesi kabla ya kesi.

Kuna rafiki yangu hapa Sakina aliniambia mbona mji wetu umejaa mahakama za kimataifa, twende pale. Nimeelewa anakotoka, ila tuelewane. Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapa Arusha ni kweli, lakini inasikiliza mashauri dhidi ya nchi wanachama na taasisi za Jumuiya, na lazima uwahi ndani ya miezi miwili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo iko hapa, nayo inasikiliza kesi dhidi ya nchi, na Tanzania ilijitoa kwenye lile tamko la kuruhusu mwananchi kwenda moja kwa moja Novemba 2019. Kampuni binafsi ya California huipeleki kwenye yoyote kati ya hizo. Ukishtaki kwa ajili ya duka la apu pale unapoteza nauli ya bodaboda.

Penye mwanga kidogo ni kwenye ushindani. Tuna Tume ya Ushindani, FCC, chini ya sheria ya mwaka 2003, inayokataza mwenye nguvu sokoni kuitumia vibaya. Na kuna Mamlaka ya Ushindani ya Afrika Mashariki, ya sheria ya Jumuiya ya 2006, nayo iko hapa hapa Arusha, kwa mambo yanayovuka mipaka ya nchi zetu. Watu watasema nchi maskini haiwezi kumgusa Google. India iliigusa, Oktoba 2022 tume yao iliipiga faini ya zaidi ya rupia bilioni 9 kwa ajili ya sheria za malipo za Play Store, faini ikapunguzwa baadaye kwenye rufaa lakini waliguswa. Kenya hapo jirani Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilisema Meta, wenye Facebook, inaweza kushtakiwa Nairobi, ile ni kesi ya wafanyakazi siyo ya apu, ila hoja ya "sisi siyo wa huku hamtuwezi" ilitupwa. Kwaiyo mlango upo. Ila hamna tume itakayoamka kwa malalamiko ya mtu mmoja mwenye apu ya watumiaji mia tatu. Wakienda madevelopa arobaini wa Arusha, Moshi na Dar na hesabu zao za mauzo, kamisheni waliyokatwa na imeili walizojibiwa, hilo ni faili linalosomeka. Mimi niko tayari kuweka hesabu zangu mezani siku hiyo ikifika, nasema kweli.

Hata hivyo usitegemee sheria mpya italeta nafuu kesho yake. Korea Kusini walipitisha sheria Agosti 2021 ya kuruhusu malipo ya nje ndani ya apu. Apple na Google wakaruhusu, alafu wakapunguza kamisheni kwa pointi nne tu, ukiongeza gharama za kampuni ya malipo unajikuta umerudi pale pale.

Kesi za kundi, zinazofunguliwa kwa niaba ya watu wengi kwa pamoja, nazipitia haraka kwa sababu hazituhusu sana. Apple walimalizana na madevelopa wadogo Agosti 2021, mfuko wa dola milioni 100, kila mtu kati ya dola 250 na 30,000. Google wakafuata 2022, dola milioni 90. Zote ni za madevelopa wa Marekani, ukitumiwa linki ya "dai fidia yako" wewe ukiwa Njiro huo ni wizi, usiweke namba ya kadi. Kilichotufikia sisi ni kile cha pembeni. Miezi mitatu baada ya Epic kufungua kesi, Apple walitangaza kwamba anayeingiza chini ya dola milioni moja kwa mwaka atakatwa asilimia 15, kuanzia 1 Januari 2021, na Google wakaanza yao Julai 2021 kwa dola milioni ya kwanza. Ila hiyo 15 lazima ujiandikishe, haiji yenyewe! Nimekutana na dada mmoja Moshi anauza masomo ya hesabu ya kidato cha nne ndani ya apu, amekatwa 30 zaidi ya mwaka mzima kwa kutojua. Kabla hujagombana na mtu nenda kaangalie hilo.

Na lingine la bure kabisa. Kama unauza kitu au huduma ya nje ya simu, safari ya Tarangire, usiku wa hoteli, kilo ya kahawa, hiyo kamisheni haikuhusu, kwa vitu hivyo maduka yenyewe hayataki utumie malipo yao ya ndani. Weka M-Pesa yako kwa amani. Kinachobanwa ni bidhaa za kidijitali zinazotumika ndani ya apu. Nusu ya ugomvi ninaousikia hapa mjini ungeisha kwa kujua hili tu.

Kelele mtandaoni je? Zinafanya kazi, ila angalia kwa nani. Juni 2020 wale wa Hey, apu ya imeili, walikataliwa updeti na Apple kwa kutoweka malipo ya ndani, wakapiga kelele wiki moja kabla ya mkutano mkubwa wa Apple wa madevelopa, waandishi wakaibeba, na kwenye wiki ya mkutano Apple ikatangaza kwamba developa anaweza sasa kupinga hata mwongozo wenyewe na kwamba marekebisho ya hitilafu hayatazuiliwa tena kwa ugomvi wa sera. Ushindi mkubwa na mimi na wewe tunautumia mpaka leo. Lakini wale walikuwa na jina, wafuasi na tarehe nzuri, na hata hivyo walikubali kubadilisha apu yao kidogo kwa kuweka njia ya kujaribu bure. Ukiwa na wafuasi mia nane, na saba kati ya kumi ni mliosoma nao, kelele zinakuchosha wewe. Nimeona pia mtu anatukana kwa hasira usiku alafu asubuhi anaandika rufaa ya heshima, na maandishi ya usiku bado yapo. Kama lazima upaze sauti, subiri rufaa ijibiwe, alafu weka ukweli mtupu na skrinshoti, bila matusi.

Inabaki rufaa, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndiyo wengi wetu tutakayotumia. Haina gharama, inachukua siku au wiki, usipoivuruga huhatarishi kitu. Namna ya kuivuruga naijua maana niliivuruga. Miaka kadhaa nyuma apu yangu ya ndege wa porini kwa waongoza watalii ilishushwa kwa ajili ya ruhusa ya mahali simu ilipo, duka silitaji, nikaona rufaa inachelewa na msimu wa Julai unakaribia, nikafungua akaunti nyingine kwa jina la mdogo wangu nikaipakia upya. Baada ya siku chache zote mbili zimefungwa, ya kwangu na ya mdogo wangu ambaye hakuwa na kosa lolote. Maduka yanaunganisha akaunti kwa kadi, kifaa, anwani. Kilichokuwa ugomvi wa apu moja kikawa ugomvi wa watu wawili, na apu ile mpaka leo haipo. Nawaomba sana, msifungue akaunti ya pili.

Kama kilichokushusha ni malalamiko ya hakimiliki, hiyo ni njia nyingine kabisa. Sheria ya Marekani ya 1998 inakuruhusu kutuma kanusho, yaani barua ya kupinga malalamiko hayo, na mlalamikaji asipofungua kesi unatakiwa urudishwe ndani ya siku 10 mpaka 14 za kazi. Ila ukisaini kanusho unakubali kushtakiwa kwenye mahakama ya Marekani, kwaiyo saini kama kazi ni yako kweli, picha na muziki mpaka aikoni.

Kwa dogo wa vikoba tumefanya hivi. Tumeacha lawama zote. Tumenukuu kipengele walichomtuhumu nacho neno kwa neno, alafu tukaonyesha kwa nini hakimgusi. Ukiangalia upande wao, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, kwaiyo neno mkopo kutoka Tanzania linawatisha, wasome wakijua kwamba wewe unaelewa hofu yao. Tukaeleza kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi vya kijamii kama daraja la nne na vinasajiliwa kwenye halmashauri, tukaambatisha vyeti vya vikundi vinne kutoka Manispaa ya Moshi, karatasi yake ya usajili wa biashara ya BRELA, akaunti ya majaribio ili mkaguzi aingie aone mwenyewe, na video ya dakika mbili mama anaandika mchango. Ndani ya apu tukabadilisha "omba mkopo" ikawa "rekodi ya mfuko wa kikundi", maana kusema kweli kile kitufe kilikuwa kinapotosha hata mimi. Rufaa yote ukurasa mmoja.

Na kwa sababu namba za wenyeviti wa vikundi alikuwa nazo kwa ridhaa yao, sheria ya taarifa binafsi ya 2022 inataka hivyo, amewatumia linki ya kutumia kwenye kivinjari. Vikundi tisa kati ya kumi na mbili vimeandika michango ya wiki hii. Rufaa imetumwa Ijumaa asubuhi, jibu bado. Wakikataa ataomba sababu kwa maandishi mara moja tu, atasubiri, na lile faili lake linaingia kwenye yale arobaini niliyosema. Mwenye faili lake tayari anitafute, tukutane Jumamosi hapa Kaloleni.